Nyumba za Fedha za Umma: Ni Nani Atakayelala Ndani?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanaharakati, viongozi wa makanisa na wajumbe wa vikundi vya mitaa, Nairobi



Nimeombwa kuzungumza juu ya fedha za umma na nyumba za watu wa kipato kidogo. Jambo hili limezungumzwa sana majukwaani, na mara nyingi kwa kelele: wengine wakiyasifu majengo mapya yanayochomoza kila pembe ya nchi, wengine wakililia makato ya mishahara yao. Sitaingia katika kelele hizo. Nimekuja na swali moja, nalo naomba kila mmoja wetu aondoke nalo hapa akalipeleke mtaani kwake. Nyumba ikishajengwa kwa fedha za umma, ni nani atakayekuwa akilala ndani yake baada ya miaka ishirini?

Naliuliza swali hili kwa kuwa nchi yetu imekwisha kujenga nyumba za wanyonge mara nyingi. Imejenga zama za ukoloni, imejenga baada ya Uhuru, imejenga kwa mikopo ya Benki ya Dunia na kwa misaada ya Wajerumani. Na karibu kila mara nyumba hizo, au ardhi iliyo chini yake, zilitoka mikononi mwa wale waliokusudiwa. Serikali ina wajibu wa namna mbili: kujenga, na kuhifadhi kile kilichojengwa. Wajibu wa kwanza una sherehe na utepe wa kukatwa. Wa pili hauna sherehe, na ndio uliopuuzwa.

MAKAO NA HARAKATI ZA MAGEUZI

Wazee walio hapa wanaikumbuka Muoroto. Mwezi wa Mei 1990 kijiji hicho cha mabanda, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos hapa Nairobi, kilivamiwa na kubomolewa. Wakazi walipigania vibanda vyao, na viongozi wa makanisa wakapaza sauti kuukemea unyama ule. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Julai 1990, ikaja Saba Saba. Mwezi wa Novemba mwaka uo huo, Kibagare nayo ikabomolewa. Mwaka uliofuata, Desemba 1991, kifungu cha 2A kikaondolewa katika Katiba na mfumo wa vyama vingi ukarudi.

Nayataja matukio haya pamoja kwa sababu yalikwenda pamoja. Mtu asiye na sauti katika serikali ya mji wake ndiye ambaye nyumba yake hubomolewa bila kuulizwa. Waliodai kura walidai pia kwamba mpangaji wa chumba kimoja ahesabiwe kuwa raia.

Madai hayo hayakupotea. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata makazi yafaayo na huduma za usafi za kuridhisha. Kifungu cha 21 kinaitaka Serikali ichukue hatua za kisheria na kisera ili haki hiyo itimizwe hatua kwa hatua. Kifungu cha 201 kinataka fedha za umma zitumiwe kwa uwazi, na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki.

Mahakama nazo zimeongeza neno. Kijiji cha Mitu-Bell, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilibomolewa Novemba 2011. Kesi yake ilipanda ngazi zote hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilitoa hukumu Januari 2021. Mahakama ilisema kwamba watu wasio na ardhi wakikalia ardhi ya umma na kujenga makao yao humo, hawapati hatimiliki, lakini wanapata haki ya makazi inayostahili kulindwa. Hukumu hii kila kikundi cha mtaa kingepaswa kuijua, maana buldoza haliji na wakili.

TULIYOJENGA, NA YALIYOTOKA MIKONONI

Sasa tuitazame hesabu ya nyuma, ili tujue tunatoka wapi.

Mitaa ya Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na Bahati ilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Mkoloni hakuijenga kwa mapenzi. Alihitaji nguvu za mikono karibu na reli na viwanda. Hata hivyo ilikuwa mali ya umma, na kodi yake ilimwezesha mtu wa mshahara mdogo kukaa mjini. Bodi Kuu ya Nyumba iliundwa 1953. Baada ya Uhuru, Waraka wa Bunge nambari 5 wa 1966/67 ukaweka sera ya kwanza ya nyumba ya taifa huru, na mwaka 1967 Shirika la Nyumba la Taifa likachukua nafasi ya bodi ile.

Kisha ikaja Dandora. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya fedha za mpango wa viwanja 6,000 mashariki ya Nairobi. Hapakujengwa nyumba nzima. Kila familia iligawiwa kiwanja chenye maji, choo, mfereji wa maji machafu na njia, ikajenga vyumba kidogo kidogo kadiri ya uwezo wake. Lilikuwa wazo la busara. Lakini baada ya familia kupewa viwanja, hapakuwa na mkono imara wa kulinda shabaha ya mpango. Wengi waliuza, wengi wengine waliongeza vyumba na ghorofa, wakawa wenye nyumba. Leo Dandora imejaa majengo ya kupangisha chumba kwa chumba, na mpangaji wa chumba hicho ndiye yule yule maskini ambaye mpango ulianzishwa kwa ajili yake. Sisemi kwamba Dandora haikufaa kitu. Iliwapa maelfu ya watu mahali pa kuanzia. Nasema kwamba fedha za umma zilifanya kazi mara moja tu, kisha zikageuka mali ya mtu binafsi.

Na yako mambo mabaya kuliko hayo. Katika miaka ya 1990 nyumba nyingi za serikali na za mabaraza ya miji, zile za mtaa wa Woodley miongoni mwake, zilipita mikononi mwa watu binafsi kinyume cha utaratibu. Tume ya Ndung'u, iliyotoa taarifa yake mwaka 2004, iliueleza unyakuzi huo kwa kirefu: ardhi ya umma iligawiwa wenye mamlaka na marafiki zao, na mashirika ya umma, hasa Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni, yaliuziwa ardhi ya unyakuzi kwa bei kubwa mno. Litafakarini jambo hilo. Akiba ya uzee ya mfanyakazi ilitumika kununua ardhi ambayo ilikuwa yake tangu hapo.

Mwaijua habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Lilitwaliwa kwa barua zenye muhuri na kwa mashahidi wa uongo. Unyakuzi wa nyumba zetu nao ulikuwa na barua, muhuri na mashahidi. Ndiyo maana ulinzi wa nyumba ya umma huanzia katika karatasi: katika sajili, katika mkataba, katika hesabu zilizokaguliwa.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Ofisa aliyekabidhiwa nyumba za umma hupunguziwa mzigo kila moja inapotoweka: haitengenezi tena, hakusanyi kodi yake tena, haulizwi tena. Mwenye pakacha ndiye apataye hasara, naye ni mwananchi.

MATHARE, KIBERA NA VOI

Nataka nikae kidogo juu ya mifano mitatu, kwa kuwa ina mafunzo ya karibu.

Wa kwanza ni Mathare 4A. Mwaka 1992 ulianza mpango wa kuuboresha mtaa huo kwa fedha za serikali ya Ujerumani, kwa ardhi iliyotolewa na Serikali ya Kenya, na chini ya usimamizi wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi kupitia dhamana ya nyumba iitwayo Amani. Nyumba zilijengwa upya, maji na njia vikaingia, na wapangaji wakawekewa kodi waliyoiweza. Ardhi haikugawanywa vipande vipande ikauzwa. Ilishikwa kwa niaba ya wakazi. Lakini mpango ulikutana na upinzani mkali. Wenye mabanda walipoteza mapato yao ya kodi, na baadhi ya wakazi waliona kwamba mambo yanaamuliwa bila wao. Palitokea ghasia, na kazi ikasimama kabla ya kufika mwisho.

Funzo la Mathare ni chungu kwetu sisi watu wa kanisa. Nia njema na fedha za kutosha hazikutosha. Mpangaji hakushirikishwa mapema, na hapakuwa na jibu la wazi kwa mwenye banda ambaye chakula chake kilitoka katika kodi ile. Tena tuseme kweli: baadhi ya wenye mabanda huketi nasi katika viti vya kanisa kila Jumapili. Hatuwezi kuzungumza juu ya kodi ya Mathare kana kwamba inakusanywa na wageni.

Mfano wa pili ni Kibera. Mpango wa Kenya wa kuboresha mitaa ya mabanda ulizinduliwa 2004 kwa ushirikiano na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi. Nyumba 600 za muda zilijengwa Lang'ata, na Septemba 2009 wakazi wa Soweto Mashariki wakaanza kuhamia huko, familia zikigawana nyumba moja chumba kwa chumba, kila chumba kikilipiwa shilingi 1,000 kwa mwezi mbali na maji na umeme. Mwezi wa Julai 2016 nyumba 822 za kudumu zikakabidhiwa Kibera kwenyewe. Hesabuni miaka: kutoka uzinduzi hadi kukabidhi ni kumi na miwili. Na wako waliopewa vyumba wakavikodisha kwa watu wenye uwezo zaidi, wao wakarudi katika mabanda. Tusiwalaumu upesi. Mtu ambaye mapato yake ni ya siku kwa siku, akipewa kitu ambacho wengine wako tayari kukilipia mara kadhaa ya kile anacholipa yeye, atashawishika. Wa kuulizwa kwanza ni aliyetunga mpango: aliweka ulinzi gani?

Mfano wa tatu haujulikani sana, nao uko Voi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kijiji cha mabanda kiitwacho Tanzania-Bondeni kilikuwa kimekaa juu ya ardhi ya reli, ya shamba la mkonge na ya serikali. Wizara ya Serikali za Mitaa na Wajerumani waliokuwa wakisaidia miji midogo waliwaeleza wakazi njia mbalimbali za kumiliki ardhi: kila mtu na hatimiliki yake, au ushirika, au dhamana ya jumuiya. Wakazi wakachagua dhamana ya jumuiya. Maana yake ni hii: ardhi inabaki moja, chini ya wadhamini, kwa niaba ya wote; mwanachama anamiliki nyumba aliyoijenga juu yake. Akihama, anauza nyumba, haiuzi ardhi, na chama kina nafasi ya kwanza ya kuinunua.

Mnaona ujanja wake. Mnyakuzi na tajiri wa mjini wanachokitafuta ni ardhi. Ikiwa ardhi haiuziki, hamu ya kumtoa maskini inapungua. Voi haikuwa peponi. Sheria za Kenya hazikuwa na umbo la chama cha namna hiyo, ikabidi kuunganisha sheria ya vyama na sheria ya wadhamini, na makaratasi yakachukua miaka. Wako wanachama ambao baadaye walitamani hatimiliki zao binafsi. Lakini ni ushahidi, katika udongo wetu wenyewe, kwamba wananchi wa kawaida wakielezwa vizuri wanaweza kuchagua kulinda makao ya wajukuu wao.

USHURU WA NYUMBA

Nafika sasa katika jambo linalowachoma wengi.

Jaribio la kwanza la kukata mishahara kwa ajili ya nyumba liliingizwa katika sheria ya fedha ya 2018, likazuiwa mahakamani. Sheria ya Fedha ya 2023 ikalirudisha: asilimia 1.5 ya mshahara kabla ya makato kutoka kwa mfanyakazi, na asilimia 1.5 nyingine kutoka kwa mwajiri. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema ushuru huo ulikiuka Katiba, kwa kuwa uliwabana wenye ajira rasmi peke yao na haukuwa na mfumo kamili wa sheria. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa kuuruhusu uendelee wakati rufaa ikisubiriwa. Bunge likapitisha Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa saini Machi 2024, ambayo ilipanua ushuru uwaguse hata wasio na mishahara. Oktoba 2024 Mahakama Kuu ilikataa maombi ya kuibatilisha sheria hiyo.

Wenzetu wengi katika harakati husema ushuru huu ufutwe, basi. Nayaelewa machungu yao. Vijana waliojitokeza barabarani Juni 2024 walikuwa wakisema kwamba kodi zimewazidi wananchi wasioona matunda yake. Lakini naomba mnisikilize. Kama fedha zinakatwa, basi ni zetu, na nyumba zinazojengwa ni zetu pia. Kupinga makato pekee, tukaacha nyumba zenyewe bila mlinzi, ni kuwaachia wengine meza iliyokwisha kuandaliwa kwa jasho letu. Anayeudai ushuru ufutwe na anayeutaka uendelee, wote wawili wana haki ya kuuliza nyumba imemfikia nani.

Tufanye hesabu ndogo. Mfanyakazi wa shilingi 30,000 hukatwa 450, na mwajiri huongeza 450. Hizo ni 10,800 kwa mwaka. Mlinzi wa usiku mwenye mshahara wa 15,000 hukatwa 225. Pamoja na mchango wa mwajiri ni 5,400 kwa mwaka. Sheria inamweka mlinzi huyu katika kundi la nyumba za jamii, yaani watu wa kipato kisichofika 20,000 kwa mwezi. Kundi la pili ni la kipato cha 20,000 hadi 149,000, na juu yake liko kundi la tabaka la kati.

Mlinzi wetu akitenga asilimia 30 ya mshahara kwa ajili ya nyumba, ana shilingi 4,500. Mwezi wa Mei 2025 nyumba 1,080 za kwanza zilikabidhiwa Mukuru, kati ya 13,248 zilizopangwa pale, na malipo ya chumba kidogo kabisa yalitangazwa kuwa 3,900 kwa mwezi. Kwa hiyo anaweza, lakini kwa shida: ukiongeza maji, umeme na gharama za kutunza jengo, zile 600 zilizobaki haziendi mbali. Je, akiugua miezi mitatu? Je, mama muuza mboga, ambaye mvua ya Aprili humnyang'anya soko, atahukumiwa kwa masharti yale yale ya mtu wa mshahara wa kila mwezi? Na mpango ulipoanza, mnunuzi alitakiwa kuweka kwanza amana ya asilimia 10 ya bei. Kwa nyumba ya shilingi milioni 1.5, hiyo ni 150,000, yaani mshahara mzima wa mlinzi kwa miezi kumi, bila kula.

Tena, mpango wenyewe umeelekea sana katika kuuza. Lakini sensa ya 2019 ilionyesha kwamba hapa Nairobi kaya tisa katika kila kumi ni za wapangaji. Katika nchi nzima mikopo ya nyumba ya mabenki ni kama elfu 30 tu. Watu wetu wengi hawatanunua nyumba mjini, na wengine hawataki. Wana mashamba kwao mashambani, mjini wanatafuta chumba salama cha kodi ya haki. Ni nani anayewajengea hao?

Liko jambo moja jema katika sheria, nalo lastahili kutajwa: aliyenunua nyumba hizi haruhusiwi kuiuza bila idhini ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Huo ni mwanzo wa hifadhi. Lakini idhini ni mlango, na mlango hutegemea bawabu. Bodi itatoa idhini kwa masharti gani? Nyumba itauzwa kwa nani, na kwa bei ipi? Ikiuzwa kwa bei ya soko, faida ni ya nani? Masharti haya yasipoandikwa wazi na kujulikana na kila mtu, tutaiona Dandora ya pili, safari hii ya ghorofa tangu siku ya kwanza.

YA WENZETU NG'AMBO

Kwa kuwa sisi si wa kwanza kutoza ushuru wa nyumba, tutazame kidogo kwingine. Mji wa Vienna, nchini Austria, ulianzisha ushuru wa nyumba mwaka 1923, wakati watu wake walikuwa wakibanana vyumbani kama wa Mathare. Ulitozwa kwa ngazi: nyumba za kifahari zililipa mara nyingi zaidi ya nyumba za wafanyakazi. Kufikia 1934 mji ulikuwa umejenga nyumba zaidi ya 60,000. Haukuziuza. Uliendelea kujenga, na leo unamiliki nyumba takriban 220,000 za kupangisha. Mpangaji wa leo anaishi katika nyumba iliyolipiwa na ushuru wa babu wa babu yake.

Uingereza nayo ilikuwa na nyumba nyingi za mabaraza. Mwaka 1980 sheria iliwapa wapangaji haki ya kuzinunua kwa punguzo kubwa. Tangu hapo, karibu nyumba milioni 2 zimeuzwa katika England peke yake, na mabaraza hayakujenga za kutosha kujaza pengo. Nyingi ya zilizouzwa sasa ziko mikononi mwa wapangishaji binafsi. Uskoti ilifuta haki hiyo 2016, na Wales 2019, baada ya kuona hasara. Waliokuwa na mali wameiuza na sasa wanaitafuta. Sisi bado tuna nafasi ya kuchagua.

TUDAI NINI?

Ndugu zangu, malalamiko bila madai ni moshi bila moto. Nayapendekeza madai sita.

Kwanza, sehemu kubwa ya nyumba za jamii iwe ya kupangisha, ibaki mali ya umma daima, na kodi ipimwe kwa kipato cha mpangaji.

Pili, ardhi ya umma iliyo chini ya nyumba hizi isiuzwe. Ibaki ya kaunti, au ya wadhamini wa jumuiya kama Voi. Jengo huchakaa, ardhi ndiyo msingi wa nyumba ya kesho.

Tatu, nyumba iliyonunuliwa chini ya mpango, mwenyewe akitaka kuiuza, Hazina iwe ya kwanza kuinunua. Arudishiwe alichokilipa na thamani ya alichokiongeza, na nyumba iende kwa aliyefuata katika orodha.

Nne, pawe na fungu la matengenezo tangu siku ya kwanza, lisiloguswa kwa kazi nyingine. Kaloleni haikuchakaa kwa uzee pekee. Ilichakaa kwa sababu kodi ilikusanywa miaka mingi na mabomba hayakutengenezwa.

Tano, wakazi wa zamani kwanza. Pasibomolewe banda wala nyumba ya baraza kabla ya kila mpangaji kuorodheshwa, kupewa mahali pa muda, na kupata mkataba wa maandishi wa kurudi kwa kodi au malipo anayoyaweza. Mei 2020 watu wa Kariobangi walibomolewa nyumba zao wakati wa janga la korona. Mwaka 2024 wakazi wa kingo za mito walibomolewa huku mafuriko yakiwa hayajakauka. Hayo yasirudiwe kwa jina la maendeleo.

Sita, hesabu ziwe wazi. Mwaka 2024 Bunge liliarifiwa kwamba sehemu ya ushuru wa nyumba ilikuwa imewekezwa katika dhamana za Serikali za muda mfupi. Huenda ni matumizi halali ya fedha zinazosubiri kazi, lakini aliyekatwa 225 kutoka 15,000 anastahili kuelezwa fedha zake zimelala wapi na zimezaa nini. Tuambiwe kila mwaka, kaunti kwa kaunti, ni nyumba ngapi zimejengwa kwa kila kundi la kipato, na ngapi zimekaliwa na watu wa kundi hilo.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Serikali haitayafanya haya kwa kuombwa mara moja. Lakini tunazo silaha ambazo waliobomolewa Muoroto hawakuwa nazo. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuandika barua na kudai taarifa kutoka ofisi ya umma. Taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchapishwa. Bunge na mabunge ya kaunti yanawajibika kutusikiliza kabla ya kupitisha sheria na bajeti.

Mukuru wametuonyesha njia. Muungano wa Wanavijiji, ulioanzishwa 1996 na watu wa mitaa ya mabanda wenyewe, pamoja na washirika wake, ulihesabu kaya, vyoo, mabomba na kodi za Mukuru. Ikaonekana kwamba maskini wa Mukuru hulipia maji na umeme bei ya juu kuliko watu wa mitaa ya kitajiri. Kwa nguvu ya hesabu hizo, mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, na zaidi ya kaya 100,000 zikaingia katika ramani ya mji. Walioanza kwa daftari na kalamu waliifanya serikali iwasikilize.

Basi kila parokia na kila usharika ulio karibu na mradi wa nyumba uchague watu watatu au wanne waaminifu. Waandike ni nyumba ngapi zimejengwa, zimepewa watu wa namna gani, kodi au malipo ni kiasi gani, na baada ya mwaka ni nani wamebaki. Wasiandike majina ya watu kwa kuwaaibisha, waandike hesabu. Mawakili walio katika makanisa yetu wawasaidie wapangaji kusoma mikataba kabla ya kutia saini. Na makanisa yenye ardhi mijini yajiulize, kabla ya kuwahubiria wengine, kama ardhi hiyo yaweza kuwa makao ya mtu anayekatwa shilingi 225.

Wazazi wetu walijenga kwa kodi zao nyumba ambazo watoto wao hawakuzirithi. Nyumba zinazojengwa leo ni chache kuliko haja; Serikali yenyewe imekuwa ikisema kwamba nchi yahitaji kama 250,000 kila mwaka, na zinazojengwa ni kama 50,000. Kwa uhaba huo, hatuna hata moja ya kupoteza. Tuzihesabu, tuzilinde, na kila mwaka tuulize tena ni nani aliyelala ndani.